Baba Alipoizima Seva ya Mama

Baba yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliwasha kompyuta iliyoko Afrika Kusini akiwa amekaa ukumbini kwetu Ushirombo, miguu peku, laptopu kaiweka juu ya stuli ambayo mama alizoea kuchambulia mchele. Mimi nilikuwa upande wa pili wa simu, ofisini kwangu Nyasubi, mjini Kahama, namwelekeza. Nikiulizwa nilikuwa namwelekeza kwa sauti gani, nitasema ya mtu aliyechoka. Dada yangu angesema ya mtu mwenye dharau, na dada yangu hajambo kwa kusema ukweli. Mungu alinijalia akili ya kompyuta, lakini subira alinipa ya kuonja tu.

Kazi yangu ni kutunza mifumo ya wenye maduka, na zaidi wenye plenti za kuchenjulia dhahabu kuanzia Kahama mpaka Geita. Matajiri hawa wanataka kukaa nyumbani kwao wanakunywa supu huku wanaona kwenye simu nani kaingia getini na mzigo gani umetoka. Kwa kazi hiyo sinunui kompyuta kubwa. Nakodi mtandaoni. Unaingia kwenye dashibodi ya kampuni, unachagua, unabonyeza, na huko mbali, kwenye jumba lililojaa kompyuta, wanakumegea kipande cha kompyuta moja, kipande hicho kinajifanya kompyuta nzima. Vitabuni inaitwa mashine pepe. Sisi mtaani tunasema seva, basi.

Baba hakuwa na plenti. Alikuwa na sauti ya mama.

Mama aliota uvimbe kooni. Tulimzungusha weee, mwisho tukafika Mwanza, daktari akatuambia upasuaji haukwepeki, na kwamba sauti inaweza isirudi. Akasema hivyo huku anaandika, kama anatuambia choo kipo mlango wa tatu. Kumwambia hivyo mama! Mwanamke aliyekuwa akimwita mtu ng'ambo ya bonde na mtu anaitika. Tulitoka pale hakuna anayemtazama mwenzake. Mama ndiye aliyecheka, akasema basi afadhali aseme yote kabla hawajamkata.

Na kweli akasema. Kwa muda wa kama wiki moja kabla ya upasuaji, baba alikuwa akimkalisha uani, anamshikia simu karibu na kidevu, mama anaongea. Kila mtoto alimrekodia ya kwake, na wajukuu wakapata yao ya pamoja. Hadithi, maonyo, namna ya kupika mlenda usiwe wa kuchosha, nani wa kumwogopa katika ukoo. Zote alizianza na "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, hata kama jua linazama. Halafu akaenda Mwanza, wakamkata, na alichorudi nacho ni mnong'ono. Ukitaka kumsikia unainama.

Dada yangu anayeishi Kambarage, pale Shinyanga mjini, alitaka zile rekodi zitupwe kwenye kundi la familia la WhatsApp, yaishe. Baba akakataa katakata. Alisema huko kuna picha za ajali na watu wanaouza dawa za nguvu za kiume, hawezi kumweka mke wake katikati ya takataka hizo. Alitaka mahali pa mama peke yake. Ukurasa, unafungua kwenye simu yoyote, unaona kitufe chenye maelezo yako, unabonyeza unamsikia. "Na niiwashe mwenyewe hiyo seva," akasema. "Nisiwe natazama tu kama mgeni." Nilimwambia ni kazi ya dakika chache, niachie mimi. Akasema amefundisha watoto kusoma miaka yote hiyo, atashindwaje kusoma yeye?

Basi tukaanza. Nilimfungulia njia kwenye akaunti yangu, akaingiza neno la siri, akakosea, akaingiza tena, akakosea, nikasikia mama ananong'ona kwa nyuma kwamba herufi kubwa, herufi kubwa baba. Akaingia.

"Wananiuliza jina la mashine."

"Andika lolote, baba."

"Lolote haliwezekani." Akaandika jina la ubatizo la mama, herufi moja moja, anaitamka kila moja.

"Wananiuliza ikae wapi. Natazama hapa Tanzania, haimo."

"Haimo, baba. Chagua Afrika Kusini, ndiyo ya karibu."

"Hata Nairobi?"

"Baba!"

"Nauliza tu, mama. Kuuliza nako kuna kodi?"

Baba alikuwa akiniita mama, kama wanavyofanya akina baba wengi kwetu kwa binti zao. Mlangoni kwangu alikuwa amesimama mteja, msimamizi wa plenti moja ya upande wa Geita, kamera zake zimekufa na bosi wake anampigia kila baada ya pumzi mbili. Namkonyeza asubiri. Anaonyesha saa. Kwenye simu baba anasoma Kiingereza cha dashibodi kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma somo kanisani, anafika mwisho anarudia kwa Kiswahili ili mama asikie. Leo ningetoa chochote nisikie yale masomo. Siku ile yalikuwa yananipandisha presha.

Tukafika kwenye ukubwa wa mashine. Hapo pana orodha ndefu, majina yanafanana, mgeni lazima apotee. Nilimwambia ashuke mpaka aone moja niliyoizoea, ambayo inakuja na diski yake ya kasi ndani. Akaiona. Halafu akaniuliza, "Hapa chini kwa maandishi madogo wanasema hii diski ni ya muda. Ni sawa?"

Lilikuwa swali zuri kuliko maswali yote ya siku ile, na mimi jibu nilikuwa nalijua. Diski ya namna ile inatunza vitu seva ikiwa inafanya kazi. Ukiiwasha upya haraka, havipotei. Lakini ukiizima kabisa, inafutwa, kipande kile anapewa mtu mwingine. Nilijua. Nikajiambia seva yenyewe haitazimwa, ya nini kuizima? Na ndani ya wiki ile nitafunga diski ya kudumu nihamishie kila kitu. Maelezo hayo yote yangechukua muda mfupi tu, lakini msimamizi wa plenti alikuwa ameshaanza kugonga funguo zake juu ya meza yangu.

"Ni sawa, baba. Wewe bonyeza tu."

Akabonyeza.

Kampuni ikampa faili la ufunguo, la kuingilia kwenye seva. Nilimwonya alitunze, likipotea hawatoi lingine. Baba alilinakili kwenye flashi, na ile flashi akaitundika kwa uzi kwenye msumari wa picha ya Bikira Maria, pamoja na rozari. Kwenye dashibodi akafungua mlango wa kupitishia ukurasa, ili watu waweze kuufikia, akasoma muhtasari wote toka juu mpaka chini, mimi natafuna kucha. Halafu akabonyeza kitufe cha kuwashia. Neno la kusubiri likakaa hapo, likakaa, kisha likabadilika kuwa la kijani.

"Imewaka! Mama watoto, njoo uone! Imewaka!"

Nilisikia mama anajikokota na kandambili zake. Baba akaishika simu karibu naye ili nisikie anachonong'ona.

"Naona maandishi tu. Mashine yenyewe iko wapi?"

"Iko Afrika Kusini," baba akamwambia.

"Na mimi nimo ndani?"

"Bado. Nataka kukupandisha sasa hivi."

"Haya," mama akasema. "Nipandishe polepole."

Nikacheka hata mimi, na msimamizi wa plenti akanitazama vibaya. Rekodi zilipanda kwa kusuasua, mtandao wa Ushirombo unajulikana, lakini zilipanda. Kesho yake nikautengeneza ukurasa. Baba akapiga akasema simu yake imejaa mpaka haipigi hata picha, je, afute zile rekodi? Nikamwambia zikishapanda, futa. Naye akafuta, maana alikuwa anafanya ninavyomwambia.

Ndugu zangu walisikiliza za kwao siku ile ile. Dada alinipigia akilia na kucheka kwa pamoja, akanisimulia mama alivyomsema kuhusu mumewe. Kaka yangu mkubwa, mgumu kama mpini, alisikiliza yake ndani ya gari akachelewa kazini.

Mimi sikusikiliza.

Nisijitetee sana. Kazi zilikuwa nyingi, ni kweli, plenti tatu zilihamisha mifumo mwezi ule, hata ile diski ya kudumu sikuifunga. Lakini mtu hawezi kukosa muda wa kumsikiliza mama yake. Niliogopa. Niliona kusikiliza maneno ya kuagana ni kukubali kwamba tunaagana, na mimi nilikuwa sijakubali. Nikawa nasema bado yupo, nikienda nyumbani namwona, ile rekodi haikimbii. Nilipokwenda, mama alinivuta mkono nikainama.

"Umesikiliza?"

"Nitasikiliza, mama. Kazi zimenibana."

"Haya."

Safari nyingine akaniuliza tena, nikajibu vile vile. Safari ya tatu hakuuliza kwa mdomo. Aliinua tu nyusi, nami nikaanza kuzungumzia bei ya mahindi. Alinipigapiga mkono wangu kidogo, akageukia ukutani.

Alifariki wakati wa palizi, alfajiri, kitandani kwake, baba akiwa amemshika. Homa ilimchukua upesi, hata dada hakuwahi kufika. Mimi niliwahi kwa sababu Kahama siyo mbali, nikamkuta ameshafunikwa. Sitayaeleza hayo.

Kwetu msiba ukitokea, jembe halishikwi. Mvua inyeshe, magugu yameze mahindi, hakuna anayekwenda shamba mpaka marehemu azikwe. Jirani yetu ana mashine ya kusaga. Aliizima asubuhi ile ile na wenye madebe yao wakarudi nyumbani bila kunung'unika. Fundi seremala wa barabarani alifunika mbao zake. Fundi cherehani akaingiza cherehani ndani. Siyo sheria ya mtu yeyote, hakuna wa kukutoza faini, lakini ukionekana unafanya kazi wakati jirani amelala ndani hajazikwa, watu watakutazama mpaka utajichukia. Kimya kile ndiyo heshima yenyewe. Nimekulia humo, sikuwahi kukifikiria, kama mtu asivyofikiria anavyopumua.

Tukazika. Kesho yake, chini ya turubai, chai ya mkandaa, kavu bila maziwa, inazunguka, shangazi yangu, dada yake baba, akasema jamani ile sauti ya wifi yangu ambayo tunaambiwa iko kwenye mtandao, na sisi wazee tusikie. Watu wakaitikia. Wakwe wapo, majirani wapo, katekista yupo. Dada akatoa simu, akafungua ukurasa. Haufunguki. Akajaribu tena. Haufunguki.

"Mtandao huo," nikasema. "Leta kwangu."

Kwangu pia haukufunguka. Nikaingia kwenye dashibodi. Na hapo, kwenye mstari wenye jina la ubatizo la mama, lile neno la kijani halipo. Pameandikwa kwa kijivu kwamba imezimwa.

"Nani ameizima hii?"

"Mimi," baba akasema. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, shuka mabegani. Alisema bila wasiwasi wowote, kama mtu anayeeleza jambo jema alilofanya na watu hawakuliona. "Asubuhi ile mama yenu alipoondoka. Nilisikia jirani anazima ya kwake, kila mtu ameacha kazi kwa ajili yake. Nikawaza, ile yetu kule inaendelea kufanya kazi peke yake? Na ndiyo yenye jina lake? Nikaona si heshima. Nikaingia nikaizima. Nimesema tukishazika nitaiwasha, sasa haya mambo ya wageni yakanichanganya."

Shangazi akatikisa kichwa kwa kukubali. Hata katekista alikubali. Na mimi, haki ya Mungu, ningekubali pia kama nisingejua kilichomo chini ya yale maandishi.

Niliiwasha. Nikaomba kimoyomoyo, nikasema Mungu wangu, nilikosea, iwe kwamba nilikosea, iwe diski nyingine. Neno likawa la kijani. Ukurasa wenyewe, ambao haukukaa kwenye diski ile, ukafunguka vizuri kabisa, picha ya mama akiwa na kitenge chake cha njano, vitufe vyote vimepangwa kwa maneno ya mama, "Kwa mkubwa wangu", "Kwa binti yangu wa Kambarage", "Kwa wajukuu". Dada akabonyeza cha kwake. Kimya. Akabonyeza cha wajukuu. Kimya. Akanitazama. Nikaingia ndani ya seva yenyewe, nikafungua folda. Tupu.

Hapo ndipo nilipopandwa na mori.

"Baba, umefanya nini? Nani alikuambia uguse? Mzee mzima unabonyeza vitu usivyovijua! Zimefutika! Zote! Tumemzika jana, wewe leo umemzika mara ya pili!"

Nilisema mbele ya wakwe. Mbele ya majirani waliolala chini kwetu siku mbili. Nilikuwa nimesimama, yeye amekaa, nami namnyooshea simu usoni. Sijui nilisema nini kingine. Dada anasema nilisema mengine na hataki kuyarudia. Shangazi alinyanyuka, akasema, "Wee mtoto! Chunga mdomo wako!" Nikamjibu na yeye.

Baba hakunijibu. Alinitazama kwa muda, midomo inacheza kidogo kama mtu anayesoma kitu kwa siri. Nilikuwa nasubiri aseme nilikuuliza, mama. Nilikuuliza kuhusu ile diski ukaniambia ni sawa. Nilikuwa nasubiri kabisa, na nadhani nilikuwa napiga kelele ili asipate nafasi ya kulisema. Hakulisema. Alijishika kwenye kiti, akasimama, akaikunja shuka yake.

"Nisamehe, mama," akasema, akaingia ndani.

Kampuni niliiandikia. Walijibu kwa adabu nyingi kwamba vya diski ya muda havirudishiki. Nilimnyang'anya baba simu nikaichokonoa kwa kila programu ya kurudisha vilivyofutwa, nikapata picha za kuku na mikutano ya jumuiya. Nikawauliza ndugu zangu kama yupo aliyehifadhi. Kaka akasema angehifadhi kwa nini, si ilikuwepo? Dada akasema, "Ya kwangu naijua kwa kichwa, nimeisikiliza mpaka mume wangu akachoka." Alisema ili kunifariji, na aliposema ndipo nilipoelewa hasara yangu. Kila mtu alikuwa na yake kichwani. Mimi sikuwa na hata neno moja zaidi ya mwangaluka, ambalo nilikuwa nalikisia tu. Kitu alichoniambia mama yangu kwa sauti yake ya mwisho kilikuwa kimebaki kwa mtu mmoja duniani, yule aliyeishika simu karibu na kidevu chake. Na yule mtu nilikuwa nimemwita mzee asiyejua anachobonyeza.

Nikarudi Kahama. Wiki zikapita. Tulikuwa tunapigiana, lakini simu za namna gani zile?

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Mvua?"

"Kidogo."

Kila nikitaka kuuliza mama aliniachia maneno gani, najikuta nauliza habari za kuku. Kuuliza ningelazimika kwanza kusema sikusikiliza. Na kabla ya hilo ningelazimika kuomba msamaha, na msamaha wenyewe ulikuwa unaniwia mzito kiasi kwamba nilikuwa nakata simu nasema mteja ameingia. Wakati mwingine hakukuwa na mteja.

Siku moja dada akanitumia kiungo, bila maelezo. Nikafungua. Ukurasa mpya, wa kawaida, umepinda kidogo upande mmoja. Nikakimbilia kwenye dashibodi. Palikuwa na seva mpya, imewashwa siku mbili nyuma, jina lile lile la mama. Safari hii baba alichagua diski ya kudumu, akaweka na kinga ya kuzuia isizimwe kwa bahati mbaya. Hakunipigia kuniuliza hata kitu kimoja.

Ndani hakukuwa na mama. Kulikuwa na baba. Alikuwa amekaa peke yake akarekodi kila kitu anachokikumbuka. "Hii ni ya mkubwa," anasema, anakohoa. "Mama yako alianza kwa kusema mwangaluka. Halafu alisema hivi." Na anasema. Haigizi sauti yake, ila pale mama alipocheka anasema, "Hapa alicheka." Kwa wajukuu alisema, "Hapa alicheka sana, mimi nikaishusha simu kidogo, nimekosa maneno mawili matatu." Nilisikiliza zote mfululizo, mlango nimeufunga, machozi yananitoka mpaka kwenye shati. Nilikuwa natafuta ya kwangu.

Ya kwangu haikuwepo.

Nitasema nilichofikiri, ingawa ni aibu. Nilifikiri ananikomoa. Nikasema hee, kumbe mzee naye ana kinyongo. Nikakasirika upya, peke yangu, ofisini, nikalipiga teke pipa la takataka. Jumamosi nikachukua gari, nikanunua sukari na mkate njiani kwa mazoea tu, nikaenda Ushirombo.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi kwenye ungo. Amekonda. Nikapiga magoti nikamwamkia, akaitikia, akasogeza kigoda kingine. Nikakaa, nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua na mimi.

"Baba. Nimesikia rekodi zako."

"Zinasikika vizuri?"

"Zinasikika. Ya kwangu sijaiona."

"Haipo." Aliendelea kupukuchua. "Wewe si ulishaisikiliza."

"Sikuisikiliza."

Mikono yake ikasimama. Alinigeukia na kwa mara ya kwanza nilimwona anashangaa kweli.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, baba."

"Kumbe," akasema. "Mimi siku zote nilidhani uliisikiliza." Akaweka hindi chini, akapangusa viganja kwenye suruali. "Sikuiweka pale kwa sababu pale kila mtu anafungua. Dada yako, wakwe, watoto. Sikutaka waisikie hiyo. Niliona ibaki yako."

Nikamwambia nataka kuisikia. Akatazama upande wa jiko la nje, kwenye mafiga ambayo hayakuwa na moto, kama anayetafuta mwanzo.

"Alisema mwangaluka. Akasema wewe ndiye mtoto ambaye hajawahi kumpa wasiwasi wa njaa, tangu mdogo ukijua kujitafutia. Akasema vitenge vyake viwili vya harusi ni vyako, dada yako asinune. Halafu akasema, mwanangu, una hasira za bibi yako, mimi nimezizoea, tena zinanichekesha. Lakini baba yako hajazizoea. Nikiondoka atakutegemea wewe kwa mambo haya ya siku hizi, atakuuliza maswali mengi na mengine atakosea. Akikosea usimfokee. Akifokewa hajibu, mtu utafikiri hajaumia. Anakwenda kulala bila kula. Usimfokee baba yako mbele za watu, nakuomba sana. Basi. Akasema nizime."

Alisema yote kwa sauti moja, kama anavyosoma. Nami nilikuwa nimeinamisha kichwa, punje zinanidondoka kwenye vidole bila mimi kujua.

"Baba," nikasema nilipoweza. "Siku ile chini ya turubai. Ulikuwa unayakumbuka haya?"

"Nilikuwa nayasikia," akasema. "Wewe unasema, na yeye huku anasema."

"Sasa mbona hukuniambia? Kwa nini hukuniambia pale pale, baba?"

Aliokota hindi lake.

"Nilidhani unayajua. Na hata kama ningejua huyajui, ningekuambiaje, mama? Rekodi nimeshaifuta. Ungesema natunga."

Alisema kweli. Siku ile ningesema anatunga.